Naweza kumwekea mke wangu dawa kwenye juisi bila yeye kujua?

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni fundi wa kupaua, nina miaka 33, nimeoa na tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Naomba jina langu lisitoke.

Miezi mitatu iliyopita tulipata kazi ya kupaua nyumba za walimu wilaya ya jirani, tukakaa saiti wiki sita. Chakula cha jioni tulikuwa tunakula kwa binti mmoja anayekaanga chipsi pale barabarani. Sitaki kusema mengi. Ilitokea mara mbili, na ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya kurudi nyumbani. Shetani alinipitia.

Nilipofika nyumbani nililala na mke wangu kama kawaida. Siku ya nne naamka kukojoa, mkojo unachoma kama nimepakwa pilipili. Kwenye boksa kuna doa la njano limekauka kama gundi. Niliifua mwenyewe bafuni kwa sabuni ya kuogea, nikaianika nyuma ya nyumba. Mke wangu alipoiona kwenye kamba akacheka, akasema, "Makubwa! Leo baba Nasra kafua!" Na mimi nikacheka, ila moyo ulikuwa unanienda mbio.

Nilikwenda duka la dawa. Kijana wa pale hakuniuliza hata swali moja, nilipoanza tu kujikuna kichwa akaniambia "nimekuelewa bro", akanipa sipro vidonge kumi, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Siku ya tatu usaha ulipungua, nikaacha, vidonge vinne vikabaki kwenye droo. Kama wiki mbili hivi ukarudi. Nikaenda duka lingine wakanichoma sindano nyuma ya pazia, sijui ya nini, elfu kumi na tano. Nikapona kabisa. Mke nilimwambia nina UTI. Sasa wiki iliyopita imerudi tena, mara ya tatu hii. Jamaa zangu wa saiti wanasema hii ni gono sugu, haisikii dawa ya hospitali, ninywe maji ya mizizi.

Mke wangu naye analalamika tumbo la chini na uchafu unaomtoka. Lakini alipoanza kliniki alipimwa vipimo vyote, na mimi nilikuwepo, tukaambiwa yuko salama. Ndiyo maana nimeanza kuwaza mengine: kama mimi nilishapona na yeye alipimwa yuko safi, hii ya mara ya tatu imetoka wapi? Au na yeye ana mtu?

Kuna rafiki yangu kanishauri ninunue dozi mbili, yangu nimeze, ya mke wangu niisage niweke kwenye juisi ya parachichi anayoipenda, yaishe bila maneno. Naomba unijibu, Bi Mkunga, kabla sijafanya kitu.

Fundi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Umefanya vizuri kuuliza kabla hujawasha blenda. Usimwekee chochote. Na usifikiri wewe ni wa kwanza: nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, na wanaume waliokuja kuninong'oneza kwenye kona wakitaka dawa ya kumpa mke "asijue" siwezi kuwahesabu. Wengine walitaka ya kuweka kwenye uji. Wewe umekuja na parachichi, tofauti ndiyo hiyo tu.

Sababu ya kwanza ni dawa yenyewe. Dawa inayotegemewa kwa kisonono, hiyo gono yenu, siku hizi ni sindano, seftriaksoni, ya kuchomwa kwenye nyama. Sindano haisagwi. Vidonge vingi unavyoweza kuvipata na kuvisaga ni vya aina mbili: vile ambavyo kisonono kilishavizoea, kama hiyo sipro yako, na vile ambavyo mjamzito hapewi. Doksisaiklini, ambayo mara nyingi mwanaume huongezewa ili imalize klamidia (ndugu wa kisonono, huja wawili kwa mguu mmoja), inaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito hubadilishiwa, hupewa nyingine. Hilo rafiki yako hakukwambia kwa sababu halijui. Tena kuna watu miili yao inakataa dawa fulani, wanavimba uso, wanabanwa pumzi. Mkeo akibanwa pumzi saa tano usiku, utamwambia nesi amekula nini? Parachichi?

Sababu ya pili ni kwamba asiyejua anaumwa hawezi kujilinda. Lakini hiyo nitairudia.

Kwanza tulimalize hili la kliniki, maana ndilo linaloniudhi zaidi kwenye barua yako. Uliambiwa mkeo yuko salama, na kweli alikuwa salama kwa vile alivyopimwa. Mjamzito anapoanza kliniki kwetu hupimwa VVU na kaswende, wingi wa damu, malaria, na mkojo kuangalia protini na sukari. Kisonono hakimo. Hakuna mahali kwenye kadi yake ya kliniki palipoandikwa kwamba hana kisonono, nenda kaitafute uisome. Halafu hesabu tarehe. Vipimo hivyo alipimwa mwanzoni mwa mimba, kabla wewe hujajua hata ladha ya hizo chipsi.

Kwa hiyo "yuko safi" umeitunga wewe, halafu ukaitumia kumshitaki. Hesabu zako mwenyewe zinatosha. Kwa mwanaume kisonono huonekana kati ya siku mbili na saba tangu alipokipata, na wewe umeona doa siku ya nne baada ya kuagana na binti wa saiti. Katikati hapo ukalala na mkeo. Mwanaume mwenye kisonono akilala na mwanamke hata mara moja, uwezekano wa kumwambukiza ni mkubwa kuliko kutomwambukiza, kwa sababu usaha unabaki ndani, unakaa kwenye mlango wa kizazi. Na pale mlangoni hauumi. Wewe mkojo ukikuchoma unaruka. Yeye anaweza kukaa nacho miezi asione kitu, au aone uchafu kidogo aseme ni ujauzito. Wanawake wengi wenye kisonono hawana dalili yoyote. Ndiyo maana huu ugonjwa hauishi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 pekee watu milioni 82 walikipata upya, nao ni wa kati ya miaka 15 na 49. Ni ugonjwa ambao tumekuwa na dawa zake tangu kabla mimi sijazaliwa.

Sasa unaona ile ya mara ya tatu imetoka wapi. Wewe ulichomwa sindano nyuma ya pazia, pengine ilikuwa ya kweli na ulipona kweli. Ukarudi kitandani kwa mkeo, ambaye ulishamwachia wewe mwenyewe, akakurudishia mali yako. Mnapokezana tu. Mtapokezana hadi mwakani.

Lakini sikwambii usugu haupo. Upo, na sipro uliyopewa ndiyo mfano wake. Kisonono kina tabia ya mwanafunzi mwenye akili mbaya: kila dawa tunayokiletea kinaisoma, kinaihitimu. Zilianza dawa za salfa miaka ya 1930, hazikudumu hata miaka kumi na tano. Ikaja penisilini, watu wakashangilia, dozi ikawa inapandishwa kidogo kidogo maana ile ya jana haitoshi leo, mpaka mwaka 1976 wakapatikana wadudu wenye uwezo wa kuikatakata penisilini yenyewe. Tetrasaiklini nayo ikachoka. Sipro ilipokuja tuliipenda, kidonge kimoja unameza mbele ya nesi unakwenda zako. Marekani waliacha kuitumia kwa kisonono mwaka 2007. Jirani zetu Kampala, walipoupima usaha wa wanaume maabara, sehemu kubwa kabisa ya wadudu hawakujali sipro hata kidogo. Na bado wewe umeuziwa vidonge kumi, mchana kweupe, bila swali.

Kilichobaki mkononi ni hiyo sindano ya seftriaksoni. Mwaka 2018 Uingereza walimpata mwanaume ambaye kisonono chake kiliishinda sindano hiyo pamoja na dawa nyingine iitwayo azithromaisini. Ilibidi awekewe dawa ya kwenye mshipa siku kadhaa ndipo akapona. Kuna dawa mpya zimefanyiwa majaribio, mojawapo ilijaribiwa hata Afrika Kusini, lakini usizisubiri wewe kwenye duka la mtaani kwenu. Ukiipoteza sindano, nyuma yake hakuna foleni ya dawa nyingine.

Na tunaipotezaje? Kwa vidonge sita kati ya kumi. Kwa sindano ya nyuma ya pazia ambayo hujui jina wala kiasi. Dawa kidogo inaua wadudu wanyonge, inawaacha wabishi peke yao uwanjani. Wenye maduka nawaelewa, nao wanataka kula, na mteja anayejikuna kichwa hataki maswali. Ila yule kijana aliyekuambia "nimekuelewa bro" hakukuelewa. Kama angekuelewa angekuuliza swali moja tu: umeoa?

Maji ya mizizi? Nitakwambia kwa nini yanasifiwa. Usaha wa kisonono kwa mwanaume, hata asipotibiwa, mara nyingi hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa. Akiwa amekunywa mizizi, anasifu mizizi. Angekunywa soda angesifu soda. Mdudu yupo, amehamia ndani, anafuata mirija hadi kwenye korodani, na siku moja unaamka imevimba kama embe dodo.

Niseme na hili la UTI. Siku hizi UTI imekuwa kanga, kila mtu anaivaa kufunika kitu. Mume akiunguzwa ni UTI, mke akitokwa uchafu ni UTI, binti wa chuo akienda kuchoma sindano ni UTI sugu. Maambukizi ya mkojo yapo, na wajawazito huyapata sana. Ila mwanaume wa miaka 33, mwenye nguvu zake, anayetoka usaha kwenye boksa, hiyo siyo UTI mpaka ithibitishwe vinginevyo. Neno hilo limekusaidia wewe kulala. Mkeo limemfanya naye aamini maumivu yake ya tumbo la chini ni UTI, anywe maji mengi, asubiri.

Asisubiri. Hapa nizungumze kama mkunga.

Mtoto anayepita kwenye njia yenye kisonono anapakwa machoni anapotoka. Siku ya pili, ya tatu, hadi ya tano, kope zinavimba, zinang'aa, zinashikana. Mara ya kwanza nilipoona nilikuwa mwanafunzi, na sista mkubwa alinivuta bega akaniambia, "Simama pembeni, usiiname usoni." Alipofungua kope kwa kidole chenye shashi, usaha uliruka. Uliruka kweli, ukatua kwenye aproni yake. Mtoto yule hakuwa analia kwa nguvu, alikuwa anafanya kama paka mchanga. Usipowahi, kioo cha jicho kinatoboka ndani ya siku chache na mtoto anakuwa kipofu kwa ugonjwa wa watu wazima. Zamani, miaka ya 1880 huko Ujerumani, daktari Credé ndiye aliyeanza kuwadondoshea watoto wachanga dawa ya machoni mara tu wanapozaliwa, na upofu huo ukapungua sana. Sisi tunapaka tetrasaiklini ya mafuta. Inasaidia, lakini isiwe ndiyo tegemeo lako; anayetakiwa kutibiwa ni mama, kabla ya uchungu. Kisonono kwa mjamzito kinaweza pia kupasua chupa mapema na kuleta mtoto kabla ya siku zake. Na kikipanda baada ya kujifungua kinaziba mirija ya uzazi. Nimeona wanawake waliozaa mara moja, wa pili hakuja, na ukoo mzima wa mume ukawaita wamerogwa. Mume amekaa kimya pembeni, anajua alichomeza nyuma ya duka.

Kwa hiyo kesho nendeni wote wawili kituo cha afya au hospitali ya wilaya, siyo duka. Tangu leo usimeze dawa yoyote, kwa sababu unataka wachukue usaha kwa kijiti cha pamba kabla dawa haijauficha. Sema wazi: ni mara ya tatu, nilimeza sipro nusu, nilichomwa sindano nisiyoijua. Hayo ndiyo yanayomfanya daktari aone umuhimu wa kuuotesha huo usaha maabara, ijulikane dawa gani inawaua wadudu wake, kama kituo kina uwezo, au kukupa barua ya kwenda penye uwezo. Vituo vyetu vingi hutibu kwa kuangalia dalili, bila maabara, na usidharau: miaka ya 1990 mkoani Mwanza vijiji vilivyoboreshewa tiba ya namna hiyo ya magonjwa ya zinaa vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vingine. Maana kidonda na usaha ni mlango wa VVU. Lakini tiba ya dalili ina tundu moja: haimwoni asiye na dalili. Tundu hilo huzibwa na yule mwenye usaha kumleta mwenzake, basi. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo.

Pimeni VVU na kaswende upya, wote, mkeo arudie hata kama alishapimwa. Mkitibiwa, msikutane siku saba kamili tangu wa mwisho kati yenu alipopata dawa. Siku ya tatu hadi ya tano kama bado unatoka usaha, rudi pale pale, usihame duka.

Nilisema nitairudia sababu ya pili. Hizo siku saba utazipataje kwa mtu asiyejua? Utamwambia umechoka? Dalili za hatari kwa mtoto atazitafutaje? Ndiyo maana kumwambia ni sehemu ya dozi.

Mwambie leo, mchana, mtoto akiwa kwa jirani, simu zimezimwa. Usimwambie mbele ya mama yako. Maneno yawe machache: "Nilikosea nilipokuwa saiti. Nimepata kisonono, na nadhani nimekuletea. Kinatibika. Naomba kesho twende wote kwa ajili yako na mtoto." Kisha nyamaza. Atalia, atakutukana, anaweza kufunga begi aende kwao wiki mbili. Akienda kwao, sindano itamfuata huko, hakikisha. Usimwambie anyamaze, na usimwambie shetani alikupitia. Shetani tumemchosha, kila safari ya kikazi anatajwa yeye. Na lile swali lako la "au na yeye ana mtu" lisitoke mdomoni hata kwa utani. Ukiona ulimi mzito kabisa, nendeni kliniki kwanza, mwombe muuguzi akae nanyi chumbani wakati unasema. Tumefanya hivyo mara nyingi, hatushangai.

Kuna mtu mmoja hukumwombea ushauri wowote: yule binti wa chipsi. Umemtaja kama mahali ulipojikwaa. Naye ana kizazi, na kuna uwezekano mkubwa hajui kama anaumwa. Kituoni watakupa karatasi ya kumwita mwenza, omba mbili. Kama namba yake unayo, mpigie, sentensi moja inatosha: "Nimeugua kisonono, nenda hospitali ukatibiwe hata kama huna dalili." Jamaa zako wa saiti waliokushauri mizizi, waulize na wao kimya kimya walikuwa wanakula wapi.

Vile vidonge vinne kwenye droo mtu asivimeze, wala usimgawie mwenye "UTI" yake. Vibebe na pakiti yake, mwonyeshe daktari. Beba kadi ya kliniki ya mkeo. Nendeni saa moja asubuhi, kabla foleni ya chanjo za watoto haijajaa, na mkeo anywe chai kwanza.

Bi Mkunga